Dhamana Ifuate Chombo, Isife Mlangoni pa Mnunuzi wa Kwanza



Ndugu waamini wa Kasulu na Kibondo, na hasa ninyi viongozi wa halmashauri za walei, wa vigango na wa jumuiya ndogo ndogo,

Huenda wapo miongoni mwenu watakaouliza kwa nini Tume ya Haki na Amani imeyaweka kando mambo makubwa ya ardhi, ya wakimbizi na ya rushwa, ikaja kuzungumzia pikipiki iliyotumika. Hatujayaweka kando. Ila haki haipimwi kwa ukubwa wa habari magazetini. Hupimwa kwa uzito wa mzigo unaomwelemea mnyonge. Nasi tunaokaa katika ofisi za parokia siku za Jumatatu tunajua ni mizigo gani inayoletwa mbele yetu.

Anaingia kijana, ameshika bahasha iliyokunjika. Ndani yake mna karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, imeandikwa kwamba fulani amemuuzia fulani pikipiki, na chini kuna sahihi mbili na tarehe. Kadi ya pikipiki bado ina jina la mwenyewe wa kwanza. Risiti ya duka haipo. Kitabu cha sevisi hakipo. Fedha iliyolipwa ilitokana na mavuno ya maharage ya misimu miwili na ng'ombe mmoja wa baba yake. Pikipiki ina miezi michache tu tangu ilipotoka dukani, na sasa injini imekufa. Mtengenezaji aliahidi kwa maandishi kwamba jambo kama hilo likitokea mapema hivyo, ataitengeneza bila malipo. Kijana akapanda gari, akaenda kwa wakala mjini. Akaulizwa jina lake, likatafutwa katika orodha, halikuonekana. Akaambiwa: "Dhamana ni ya mnunuzi wa kwanza. Wewe hatukufahamu." Aliporudi kwa aliyemuuzia, akasomewa yale maneno yaliyobandikwa katika maduka yetu mengi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kesi ya namna hii si ya mtu mmoja. Tunaielezea kwa sura moja kwa kuwa zote zinafanana. Na tunasema wazi: jibu la wakala si la haki, na jibu la muuzaji si la Kikristo. Katika kurasa hizi tuna neno moja tu la kusema: dhamana ya mtengenezaji ni sehemu ya chombo; imelipiwa pamoja na chombo; kwa hiyo inapaswa kuhama pamoja na chombo, mkono kwa mkono, mpaka muda wake utakapokwisha.

AHADI ILIYOLIPIWA

Tuanze kwa kuelewana juu ya jambo lenyewe. Chombo kipya kinapotoka kiwandani huambatana na ahadi. Sisi tunaiita dhamana. Madukani huitwa waranti au garantii. Mtengenezaji anasema hivi: kikiharibika kwa kosa la utengenezaji, wala si kwa kosa la mtumiaji, kabla ya miezi kadhaa kupita au kabla ya kilomita kadhaa kutimia, nitakitengeneza au nitabadilisha kipuri bila malipo. Kwa kawaida ahadi hiyo haihusu vitu vinavyolika kwa matumizi, kama matairi, balbu, pedi za breki na waya wa klachi. Tena huwa na masharti: oili ibadilishwe kwa wakati, chombo kipelekwe kwa wakala kwa sevisi zilizopangwa, na kila sevisi igongwe muhuri katika kitabu chake. Masharti hayo si mabaya. Mwenye kuahidi ana haki ya kujilinda dhidi ya mzembe.

Lakini ahadi hiyo si sadaka. Mtengenezaji mwenye akili amekwisha kukadiria ni injini ngapi katika kila elfu moja zitakazomrudia, na gharama yake ameitia katika bei. Mnunuzi wa kwanza aliilipa palepale kaunta pamoja na magurudumu na tangi la mafuta. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nasi tunaongeza kwamba ahadi iliyokwisha kulipiwa ni deni mara mbili.

Chukueni mfano. Tuseme dhamana ni ya miezi 12. Mwalimu anayefundisha Heru Juu ananunua pikipiki mpya, anaitumia kwa uangalifu miezi 5, kisha anahamishiwa mkoa mwingine na kumuuzia mkulima wa Makere. Miezi 7 imebaki, nayo imelipiwa. Pikipiki ni ile ile. Namba ya injini ni ile ile. Namba ya fremu ni ile ile. Kosa la kiwandani, kama lipo, limo ndani yake tangu siku bolti ya mwisho ilipokazwa. Kilichobadilika ni jina tu. Je, miezi 7 hiyo imekwenda wapi? Mwalimu hanayo, kwa kuwa hana pikipiki. Mkulima hanayo, kwa kuwa hana jina katika orodha. Imebaki mfukoni mwa yule aliyeuza kwanza. Kupokea malipo ya miezi 12 na kutoa huduma ya miezi 5, katika Kiswahili cha kawaida, kunaitwaje? Tunawaachia mlitamke neno lenyewe.

Ndugu zetu wa mwambao wa Tanganyika, pale Kibirizi na Ujiji, wana jambo hilihili katika umbo la boti. Anayenunua boti iliyotumika pamoja na mashine yake hudhani amenunua kitu kimoja. Kumbe mara nyingi ni vitu viwili vyenye watengenezaji wawili: bodi ina mtengenezaji wake na mashine ina wake, na kila mmoja, kama alitoa dhamana, aliitoa kwa karatasi yake. Asiyeuliza karatasi zote mbili huingia ziwani na ahadi nusu, au bila ahadi kabisa. Na mashine ikizimika katikati ya zili pana la maji na upepo wa usiku, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi tu.

VISINGIZIO VITATU

Wanaoutetea utaratibu wa sasa wana hoja tatu. Tumezisikiliza, na haki inatudai tuzijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: "Hatujui mwenye kwanza aliitumiaje." Ni kweli hamjui. Lakini hata kama mwenye kwanza angebaki na pikipiki yake, msingejua vilevile. Hamkulala naye nyumbani, wala hamkumfuata katika tope la Mabamba wakati wa masika. Ndiyo maana mliweka kipimo cha kilomita. Ndiyo maana mliweka kitabu cha sevisi na mihuri. Kama kitabu kina mihuri yote na kilomita hazijapita, chombo kimejieleza chenyewe, haidhuru kimeletwa na nani. Kama kitabu hakina mihuri, mkatalieni, awe wa kwanza awe wa pili. Sharti la haki huangalia matendo yaliyofanyika. Sharti la hila huangalia uso wa aliyesimama mlangoni.

Hoja ya pili: "Sisi tuliagana na mnunuzi wa kwanza peke yake." Hoja hii ina umri mkubwa katika mahakama, nasi hatuidharau. Lakini tunawakumbusha kesi moja maarufu. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mama mmoja maskini aliyeitwa May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Alidai kwamba chupani mlikuwa na mabaki ya konokono aliyeoza, na kwamba kinywaji hicho kilimwugusha. Hakuwa na mkataba na mwenye duka, wala na kiwanda, kwa sababu aliyelipa ni rafiki yake. Kesi ikapanda hadi Bunge la Mabwana, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hakumuuzia yeye. Jaji Atkin alijenga hoja yake juu ya swali ambalo kila mwanafunzi wa katekesi analifahamu, lile ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu kabla ya mfano wa Msamaria: jirani yangu ni nani?

Hatutaki kuinyosha kesi hiyo kupita urefu wake. Ilihusu madhara ya mwili, haikuhusu gharama ya kutengeneza kitu kilichoharibika. Lakini iliuvunja mlango uliokuwa umefungwa, na kanuni yake imeingia katika mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu ikiwa mojawapo. Tangu siku hiyo hakuna mtengenezaji anayeweza kusema kwa dhamiri safi kwamba asiyemlipa mkononi si jirani yake. Huko Marekani, sheria ya dhamana ya mwaka 1975 ilikwenda hatua nyingine: mtengenezaji akitaka kuiita dhamana yake kuwa ni kamili, haruhusiwi kuifunga kwa mnunuzi wa kwanza tu, anayekipata chombo ndani ya muda wake analindwa pia. Na kwa wanunuzi wa boti zilizotumika huko, wapo watengenezaji wanaokubali kuihamisha dhamana kwa fomu na ada, mradi mnunuzi mpya ajiandikishe mapema. Basi jambo hili linawezekana. Kinachokosekana si ufundi, ni nia.

Hoja ya tatu ndiyo tunayoisikia zaidi vijiweni na sokoni: "Hakulazimishwa. Bei ilikuwa ndogo, akakubali mwenyewe." Hapa Kanisa lina neno la zamani. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, kama aliyekubali alisukumwa na shida. Mwaka 1967 Papa Paulo wa Sita aliipeleka kanuni hiyohiyo katika biashara baina ya mataifa. Inayofaa kwa mataifa inafaa pia kwa soko la Kasulu. Kijana asiye na kazi, aliyeambiwa alipe leo kabla jua halijachwa kwa kuwa mteja mwingine yuko njiani, hakukubali, amekubalishwa.

Na karne nyingi kabla ya hao, Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza katika Muhtasari wake wa Teolojia, alipojadili udanganyifu katika kununua na kuuza, kama muuzaji analazimika kuitaja kasoro ya kitu anachouza. Mifano yake ni ya farasi kilema anayeuzwa kana kwamba ni mwenye mbio, na nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kana kwamba ni imara. Jibu lake ni kwamba kasoro iliyo wazi, na ambayo bei imepunguzwa kwa sababu yake, muuzaji halazimiki kuipigia mbiu. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, kuinyamazia ni udanganyifu. Farasi wa siku zake ndiye pikipiki ya siku zetu. Anayejua kwamba gia ya tatu inaruka, akaiosha pikipiki vizuri na kuifuta mafuta, akamkabidhi mwenzake na baraka za Mungu juu yake, amemuuzia mbuzi kwenye gunia. Na anayejua kwamba dhamana imebaki, akakiweka kitabu cha sevisi kabatini kwa uvivu tu, amemwibia mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe hakimfai tena.

UBUGABIRE MPYA

Kuna jambo baya kuliko yote hayo, nalo limeenea barabarani kote, kutoka Kasulu mjini hadi Kibondo. Ni ule unaoitwa mkataba. Mwenye fedha ananunua pikipiki mpya kwa jina lake, anamkabidhi kijana, na kijana analeta hesabu kila siku mpaka kiasi walichopatana kitimie. Ndipo pikipiki inakuwa yake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 52. Hiyo ni shilingi 3,120,000. Hatusemi kwamba kila mkataba wa namna hii ni dhuluma. Umewapatia vijana wetu wengi mlango wa kuingilia katika kazi halali.

Lakini tazameni dhamana iko wapi. Mwaka mzima kadi na cheti cha dhamana viko kwa mwenye fedha. Pikipiki ikiharibika, gharama ni ya kijana, na hesabu ya jioni haisimami. Mwenye fedha hana sababu ya kujisumbua kwenda kwa wakala, maana hasara si yake. Kijana akienda mwenyewe, hatambuliwi. Hivyo anampeleka kwa fundi wa chini ya mwembe, anafungiwa pistoni ya bei rahisi, na kwa kitendo hicho hicho dhamana inabatilika. Siku anapokabidhiwa kadi, miezi ya dhamana imekwisha. Amelipia chombo kipya, amepokea chombo chakavu; na ile ahadi ya mtengenezaji, ambayo yeye ndiye aliyeigharimia kwa jasho la kila siku, haikumgusa hata siku moja.

Wazee wetu wa Buha walikuwa na ubugabire: mtu alipewa ng'ombe na mkubwa, naye akawa chini yake kwa utumishi. Hatuusifu utaratibu huo. Ulimweka mtu chini ya mtu. Lakini katika ubugabire mwenye ng'ombe alikuwa na wajibu wa kumlinda yule aliyempa. Mkataba wa pikipiki unaomwachia kijana matengenezo yote na kumnyima dhamana umechukua utumishi wa zamani na kuutupa ulinzi wake. Hilo tunalikemea, na tunajua kwamba baadhi ya wenye pikipiki hizo huketi katika mabenchi ya mbele siku ya Dominika.

NASI TUMEKOSA

Ingekuwa unafiki kama tungeishia kwa wengine. Parokia moja, ambayo hatuitaji jina, si kwa sababu ya kuificha bali kwa sababu ni yetu, ilimuuzia katekista pikipiki iliyotolewa na wafadhili. Ilikuwa bado mpya. Tulipokea fedha yake, tukampa ufunguo, tukampongeza. Kadi ilikuwa na jina la taasisi, na kuibadilisha kulihitaji barua, mihuri na safari. Tukasema tutafanya wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka wa pili. Katikati yake injini ikaanza kula oili. Cheti cha dhamana kilikuwa katika faili letu, kimelala salama. Katekista hakukijua, nasi hatukukikumbuka. Alilipa fundi kutoka katika posho yake, ambayo mnajua ni ndogo kiasi gani, na hakulalamika hata mara moja.

Ni mama mmoja wa halmashauri ya walei aliyetuuliza kikaoni: "Mapadri, hiyo karatasi mliyokuwa nayo ilikuwa ya nani?" Hatukuwa na la kujibu. Tulimrudishia katekista gharama zake, kwa kuchelewa na kwa aibu. Tunalieleza hili ili ijulikane kwamba dhuluma haihitaji moyo mbaya. Mara nyingi inatosha kabati lililofungwa na mtu mwenye mambo mengi.

YA KUFANYA

Methali inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wakati tunapodai utaratibu ubadilike, tusikae bure. Mambo yafuatayo yako katika uwezo wetu leo.

Kwa anayenunua. Usilipe kabla ya kuona kadi halisi na kitambulisho cha anayeuza. Linganisha namba ya fremu na ya injini zilizo katika kadi na zilizo katika chombo. Usisome karatasi peke yake. Omba risiti ya kwanza ya duka, cheti cha dhamana na kitabu cha sevisi, kisha hesabu miezi na kilomita zilizobaki. Nendeni pamoja na muuzaji kwa wakala, au mpigieni simu, muulize kama dhamana inaweza kuhamishwa, kwa fomu gani, kwa ada gani na ndani ya siku ngapi. Na jibu liandikwe. Fanyeni hivyo kabla ya malipo, kwa maana baada ya malipo muuzaji hana haraka tena. Katika hati ya mauzo ziandikwe kasoro zinazojulikana, na liandikwe neno kwamba muuzaji anamkabidhi mnunuzi haki zote za dhamana zilizobaki. Wawepo mashahidi wa pande zote mbili. Kisha kadi ibadilishwe Mamlaka ya Mapato, isingojwe kesho. Hata kama wakala atakataa kuihamisha dhamana, utakuwa umejua kweli kabla ya kutoa fedha, na bei uipunguze kwa kadiri hiyo.

Mjue pia sheria inasema nini. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyoanza wakati wa ukoloni kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamtaka kila anayeuza awe na haki ya kuuza. Anayeuza kama kazi yake ya biashara anabanwa pia kuhusu ubora wa kitu na kufaa kwake kwa matumizi. Lakini jirani anayeuza chombo chake mara moja habanwi hivyo; hapo mzigo wa kuchunguza unamwangukia mnunuzi. Ndiyo maana maandishi ni ya lazima zaidi baina ya majirani kuliko dukani, ingawa mazoea yetu ni kinyume chake. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza udanganyifu katika biashara, pamoja na udanganyifu kuhusu dhamana. Muuza duka anayewaambia kwamba dhamana ipo, kumbe haipo, amevunja sheria ya nchi, wala hajakosea adabu tu.

Kwa anayeuza. Taja kasoro unayoijua. Kabidhi karatasi zote siku ileile unayokabidhi ufunguo. Kwa mwenye pikipiki ya mkataba tunasema zaidi: ama uichukue gharama ya matengenezo makubwa wakati kadi ina jina lako, ama umpeleke kijana kwa wakala tangu siku ya kwanza, aandikwe kuwa ndiye mtumiaji na apokelewe anapoleta chombo.

Kwa viongozi wa walei. Kila kigango kichague watu wawili wanaosoma vizuri na wasiopokea bahasha, wawe tayari kuipitia hati ya mauzo kabla haijatiwa sahihi, bila malipo. Na ninyi mnaoongoza vikundi vya kuweka na kukopa, mna nguvu kubwa kuliko mahubiri yetu: fanyeni kuwa sharti kwamba mkopo wa kununua chombo kilichotumika hautoki mpaka kadi, kitabu cha sevisi na jibu la wakala juu ya dhamana viwe mezani. Muuzaji asiyekubali sharti hilo amewaokoeni na hasara.

Kwa watengenezaji na mawakala wao tunadai mambo matatu. Dhamana iandikwe kwa namba ya fremu ya chombo, si kwa jina la mtu. Cheti chake kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee wa Kifura anaweza kuzisoma bila kuazima miwani. Na uhamisho wake ukubaliwe kwa simu na kwa picha ya hati, kwa sababu kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni yapata kilomita 90, na kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Haki inayohitaji nauli ya namna hiyo ni haki ya wenye fedha. Kwa wabunge wetu na kwa Tume ya Ushindani tunaomba haya yawe sheria iliyo wazi, yasiachwe kuwa hisani ya duka moja moja.

Hatuhimizi ugomvi, wala kumvamia mtu dukani kwake. Tunahimiza kusema kwa pamoja na kuandika kwa pamoja. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza bei, na wanaomnunua maskini kwa jozi ya viatu. Kipimo kilichopunguzwa siku hizi si kibaba cha nafaka peke yake. Ni miezi 7 iliyolipiwa na isiyotolewa. Mezani inaonekana kidogo. Begani mwa mkulima wa Makere ina uzito wa ng'ombe mzima.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu anatumia chombo ambacho kadi yake bado ina jina la mtu mwingine? Tufanye nini kabla ya mwezi huu kwisha?

2. Je, kuna karatasi katika kabati la nyumba yangu, la ofisi yangu au la parokia, ambayo kwa haki ni ya mtu mwingine?

3. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kitaweka sharti gani kwa mkopo ujao wa pikipiki, baiskeli, mashine ya kusaga au sola iliyotumika?

Leteni majibu katika kikao kijacho cha halmashauri, yakiwa yameandikwa.

Tume ya Haki na Amani